Miguu ya Walioandikwa

"Mama Vestina, mbona miguu yako imetulia?"

Placidia aliuliza hivyo Jumanne moja asubuhi, mwezi wa tano mwaka tisini na nane, akiwa upande wake wa mpaka wa miramura, ile mimea inayotenga viwanja. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi za mchana. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa mtu wa kawaida kabisa, kisu kinakwenda, ganda linaanguka. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa safarini. Miguu yake ilitembea palepale ilipo, kushoto kulia, kushoto kulia, ikiyakanyaga maganda mpaka yakawa rojo jeusi.

Mukandekezi, huyo mama Vestina, alikuwa upande wa pili wa mpaka, naye kwenye kigoda, anashona kikapu. Aliacha sindano akaitazama miguu yake. Ilikuwa imelala juu ya mkeka, unyayo kando ya unyayo, kama viatu vilivyovuliwa mlangoni.

"Labda zamu yangu bado," alisema.

"Wiki ya tatu hii, bojo. Zamu gani hiyo isiyofika?" Placidia alitupa ndizi kwenye sufuria. "Kuku wangu wamechoka kunikwepa, na wewe unashona vikapu kama mke wa mfalme."

Alicheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye ule mkeka.

Jambo lenyewe lilianza siku kompyuta ya Ofisi ya Orodha ilipoungua. Ofisi hiyo ilikuwa Nkwenda, ndani ya ghala lililokuwa la kahawa, na kuta zake zilikuwa bado zinanuka maganda ya buni. Ilifunguliwa mwanzoni mwa mwaka tisini na saba, makambi ya wakimbizi yalipokwisha kufungwa. Wakubwa walitaka kila mkazi aandikwe kwenye kompyuta, ili ijulikane nani ni wa hapa. Aliyeandikwa angepewa karatasi ya ukaazi. Asiyeandikwa angeonyeshwa njia ya kwenda mtoni, na ng'ambo ya mto ndiyo Rwanda, ambako Mukandekezi hakuwahi kufika hata siku moja. Yeye alizaliwa Rugera, upande huu wa mto. Aliyevuka mto ni baba yake, kabla ya uhuru, akaja kulima kahawa ya watu kwa kibarua, naye alikwisha kufa zamani akazikwa hukohuko Rugera kwenye migomba.

Siku ya kuandikishwa, Mukandekezi na mume wake Mbonimpa walisimama kwenye foleni tangu alfajiri mpaka saa nane mchana. Karani Desderius aliwauliza majina. Mbonimpa alilitaja lake herufi mojamoja, polepole, kama mtu anayevusha mayai mtoni, kisha akalitaja la mkewe vilevile. Desderius alibonyeza, akabonyeza, akasema, "Tayari." Kioo cha kompyuta kilikuwa kimemwelekea yeye. Mbonimpa alimshika mkono kwa mikono yake miwili akamshukuru. Njiani kurudi alisema, "Sasa hata nikifa, nimefia kwetu." Novemba ya mwaka uleule akafa kweli, kwa kifua, wakamzika nyuma ya nyumba.

Tangu hapo Mukandekezi alipata kazi ya kufagia palepale ofisini, siku tatu kwa wiki. Aliipangusa ile kompyuta mara nyingi. Alipangusa kioo kikiwa kimezimwa, na alichokiona ni uso wake.

Basi mwishoni mwa mwezi wa nne, mkubwa mmoja alitangaza kwamba anakuja kuitazama orodha. Desderius aliona vumbi la buni limejaa ndani ya kompyuta, akaifungua aisafishe kama watu wa kule wanavyosafisha redio: kila kinachochomoka kinachomolewa, kinapulizwa, kinapanguswa, kinarudishwa. Humo ndani kulikuwa na sanduku la chuma linalotoa umeme, ambalo mafundi huliita pawa. Kwenye pawa zilitoka plagi mbili zinazofanana kama mapacha, kila moja ina nyaya sita, nazo hukaa bega kwa bega kwenye madabodi, ule ubao mpana unaobeba vyote. Fundi yeyote anajua kwamba nyaya nyeusi za plagi moja lazima zikutane na nyeusi za mwenzake, katikati. Desderius hakuwa fundi. Aliziweka nyeusi pembeni, huku na huku, kwa kuwa aliona zinapendeza hivyo, kama ukosi wa koti. Akawasha jenereta. Bodi ikatoa moshi mdogo unaonuka buni iliyoungua, na saa ileile, kutoka Nkwenda hadi Murongo na kurudi hadi Rugera, miguu ya watu ikaanza kutembea.

Si kwamba ilikuwa na mahali inakwenda. Mtu aliyetaka kwenda sokoni alikwenda sokoni. Shida ilikuwa kufika. Akisimama, miguu inaendelea; akiketi, inaendelea; akilala, inapiga teke ukuta mpaka kuche. Wanaume waliokuwa wakishinda kilabuni kwenye pombe ya lubisi waliona kwamba kuliko kutembea bure ni heri watembee na jembe, na mwaka ule migomba ilipaliliwa kuliko mwaka mwingine wowote. Wake zao hawakulalamika. Muuguzi wa zahanati alishauri maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kwaya iliacha kupiga ngoma, maana ngoma ilikuwa tayari chini ya mabenchi. Padri alifupisha mahubiri.

Aliyeteseka zaidi ni mzee Kahigi, baba mkwe wake Placidia, katekista wa tangu zamani. Alikuwa na miaka themanini na miwili na magoti mabovu, lakini miguu haikujali magoti. Ilimtembeza kitandani, ikamtembeza kigodani. Nyayo zilichanika, wakazifunga kwa majani laini ya mgomba, na majani nayo yakachanika. Kufikia wiki ya tatu alikuwa hali tena chakula, anakunywa uji kidogo na kusali. Ndiye aliyemfundisha Mukandekezi herufi na sala, kwenye shule ya nyasi kule Rugera, akamfikisha darasa la nne na komunyo ya kwanza.

Mukandekezi hakumjibu Placidia zaidi siku ile, ila swali lilimkwama kama mwiba wa samaki. Jumapili alikwenda misa ya kwanza akaketi benchi la nyuma kabisa. Badala ya kufumba macho kwenye sala, Mungu amsamehe, alitazama chini. Miguu ilikuwa inakwenda safu kwa safu, viatu na kandambili na nyayo tupu, na sauti yake ilikuwa kama mvua juu ya majani ya migomba. Ndani ya mvua hiyo palikuwa na visehemu vikavu. Miguu ya Twagirayezu, mchunga ng'ombe, ilikuwa imetulia. Miguu ya bibi Nyirabageni ilikuwa imetulia, na ya wajukuu wake wanne pia. Basi. Wote hao, baba zao au babu zao walivuka mto. Wote walisimama kwenye foleni ileile wakaambiwa tayari.

Baada ya misa alipita makaburini. Hata wale walioandikwa kisha wakafa hawakuwa wameachwa. Kaburi la mke wa Kahigi lilikuwa linadunda taratibu, na changarawe zinateremka pembeni. Alikwenda nyumbani, akazunguka nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo wa Mbonimpa. Alikiacha pale muda wa Salamu Maria kumi. Udongo ulikuwa wa baridi, na haukufanya lolote.

Basi akajua.

Hakumwambia mtu, lakini wengine walikuwa wameanza kujua bila kuambiwa. Pale kisimani, Jumatatu, wanawake walisimama kwenye foleni ya ndoo wakipigapiga tope, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika:

"Wenzetu wamepumzika, jamani."

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe," akadakia mwingine. "Hawa hata miguu hawajapewa!"

Wakacheka. Mukandekezi alijaza ndoo yake, akaitwika, akawatakia kazi njema. Jioni hiyo mwenyekiti wa kitongoji alipita nyumba kwa nyumba na daftari la shule na kalamu nyekundu. Alikuwa akitembea hata akiandika, kwa hiyo maandishi yake yalipanda na kushuka. Aliandika majina ya watu ambao miguu yao imetulia.

"Ni ya nini, mwenyekiti?" Mukandekezi aliuliza.

"Takwimu tu, mama. Usiwe na wasiwasi. Hebu nitajie jina vizuri, nisikosee."

Akamtajia, herufi mojamoja.

Jumatano madabodi mpya ilifika kutoka Kampala. Ilipita Murongo juu ya lori la maharage, ndani ya mfuko wa rangi ya fedha, pamoja na karatasi iliyokunjwa yenye mchoro wa rangi. Fundi Gaudiosus, aliyekuwa akitengeneza redio pale sokoni Nkwenda, aliitwa aifunge. Gaudiosus alikuwa mtu mwembamba, mwenye utani, na kwa kuwa aliandikwa mapema kabisa, miguu yake ilikuwa na bidii kuliko ya wengi. Alifanya kazi akiizunguka meza kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

"Majina yako salama," alimwambia Desderius, akipita upande wa dirisha. "Yako kwenye diski, na diski haikuungua." Akapita upande wa mlango. "Ila huyu mgeni wenu ana mdomo mwingine. Tazama. Matundu ishirini, safu mbili za kumi. Pawa yenu ya zamani ina nyaya kumi na mbili."

"Zigawe," alisema Desderius.

"Si ugali huu, bwana. Bodi ya namna hii inataka umeme ambao hiyo pawa haijawahi kuusikia. Hata kuamshwa haiamshwi vilevile."

Mukandekezi alikuwa anafagia chini ya dirisha. Ile karatasi ilikuwa mezani, imefunguliwa. Alipofika karibu aliitazama, kwa kuwa ilikuwa na rangi nzuri na kwa kuwa yeye hutazama. Ilionyesha plagi ndefu yenye nyaya ishirini, kila waya na rangi yake, zimepangwa kama nyuzi kwenye ukingo wa kikapu. Nyeusi saba, nyekundu nne, tatu za rangi ya chungwa, na sita zinazokaa peke yake, kila moja na rangi isiyo na ndugu. Mpangilio ukamwingia kichwani bila yeye kuuita. Vikapu vilikuwa vimemzoesha hivyo.

Gaudiosus alikwenda Murongo kutafuta pawa. Hakuhitaji kuhimizwa kutembea. Alirudi Jumamosi asubuhi na pawa ya mtindo mpya, iliyochomolewa kwenye kompyuta moja iliyofika forodhani ikiwa imekufa. Ilikuwa na plagi moja ndefu ya matundu ishirini. Watu walikuwa wamesikia. Walijaa madirishani na mlangoni, wanakanyaga, na vumbi limewafika magotini. Placidia alikuwa amemleta mzee Kahigi. Hakumbeba. Alimpandisha kwenye baiskeli, akamfunga kiunoni kwa kitenge ili asianguke, naye mzee akapiga pedeli mwenyewe njia nzima, macho yamefumba, Placidia anakimbia pembeni akishika usukani. Walimlaza kwenye benchi ndani ya ofisi. Miguu yake iliendelea kupiga pedeli hewani. Majani ya mgomba aliyofungwa yalikuwa yamelowa damu.

Gaudiosus aliisukuma plagi kwenye bodi. Iliingia yote, taratibu, ikabana.

"Imekubali!" mtu alipiga kelele dirishani. Vigelegele vikaanza nje. Desderius akashika kamba ya jenereta.

"Fundi, samahani," alisema Mukandekezi.

"Mama, wewe fagia," alisema Desderius.

"Kwenye karatasi, baada ya chungwa mbili anakuja mweusi. Kwenye plagi yenu, baada ya chungwa mbili amekuja mwekundu. Na huyu wa manjano amekaa mahali pa zambarau."

Gaudiosus aliizunguka meza mara moja akitazama karatasi. Akaizunguka mara ya pili akitazama plagi. Mara ya tatu hakutazama kitu.

"Achia kamba hiyo," alimwambia Desderius. "Tungeiunguza na hii."

"Si imeingia?"

"Kuingia si kufaa. Waliotengeneza pawa hii walipanga nyaya kwa utaratibu wao wenyewe. Ufunguo wa sakristia unaingia kwenye kitasa cha choo, waitu, lakini hebu jaribu kuuzungusha."

Njia ilikuwa moja tu. Kila waya ulishikwa ndani ya plagi na pini yenye kijimwiba pembeni. Ukiingiza kitu chembamba, ukakibonyeza kijimwiba, pini hutoka. Kisha unairudisha kwenye tundu lake la haki. Mara ishirini. Gaudiosus alijaribu kwa bisibisi ndogo ya saa. Miguu yake ilimpeleka mlangoni pamoja na plagi. Alijaribu Desderius, akajichoma kidole. Wakamfunga Gaudiosus kwenye kiti, kiti kikatembea. Alipotulia kidogo kupumua, macho yake yalishuka sakafuni, yakapita viatu vyote vilivyokuwa vikihangaika pale ndani, yakafika kwenye nyayo mbili zilizotulia kando ya ufagio.

"Mama," alisema. "Una sindano?"

Mukandekezi alikuwa na sindano ya vikapu kwenye pindo la kitenge chake, kama siku zote. Akaegemeza ufagio ukutani, akanawa mikono, akaketi.

Alianza na za rangi ya chungwa. Alibonyeza, akavuta, akatazama karatasi, akarudisha, akasikia ile sauti ndogo ya kubana. Gaudiosus alikuwa akizunguka nyuma yake akihesabu na kusahihisha, ingawa hakukuwa na cha kusahihisha. Nyeusi zilimchukua muda mrefu, maana ni nyingi na zinafanana. Watu madirishani walinong'ona kila waya ulipokaa. Hakuna aliyezungumza habari za wageni. Mtu mmoja alimpitishia maji ya kunywa, na mwanamke yuleyule aliyesema habari ya jembe kule kisimani akasema, "Mikono ya mama Vestina ina baraka, nimesema siku zote."

Zilipotimia kumi na tisa, ukabaki waya mmoja.

"Huu wa kijani?" aliuliza.

"Huo ndio wa kuamsha," alisema Gaudiosus. "Usipokuwepo, pawa inalala tu, hata ukiiletea jenereta kumi."

Mukandekezi aliushika kwa vidole viwili, hakuuingiza.

"Bwana Desderius," alisema, "jina langu limo humu?"

Desderius aligusa kioo cheusi kwa kidole.

"Mama, si unaona mashine imezimika? Nitajuaje?"

"Sikuulizi mashine. Nakuuliza wewe kama uliliandika."

Desderius aliwatazama watu wa madirishani, na watu wa madirishani wakamtazama Mukandekezi. "Tuwashe kwanza," alisema. "Ikiwaka tutaangalia pamoja. Kama halipo, nakuandika wewe wa kwanza, mbele ya hawa wote. Unataka nini zaidi, mama?"

"Mimi nitashuhudia," sauti ikatoka kwenye benchi. Ilikuwa ya mzee Kahigi, na ilikuwa nyembamba kama uzi. "Huyu kazaliwa Rugera. Ishara ya msalaba nimemfundisha mimi. Alikuwa anaanzia bega la kulia, kichwa kigumu. Miguu hii ikinyamaza tu, nasimama, nasema."

"Baba, sema sasa," alisema Mukandekezi. "Waambie waandike."

Kahigi alifungua kinywa. Miguu ikapiga pedeli tatu za haraka, pumzi ikamkatika, na tone la damu likaruka likaanguka sakafuni, mahali ambapo Mukandekezi alikuwa amefagia asubuhi.

"Siwezi, mwanangu," alisema. "Ninyamazishie kwanza."

Mukandekezi alikaa na waya mkononi. Alijua kwamba maadamu waya huo uko nje, Nkwenda nzima inatembea, na wote wanaotembea wanaona nani hatembei. Alijua pia kwamba ukishaingia, hakutakuwa na tofauti ya kuonekana, na jambo lisiloonekana watu hawaliulizi mara ya pili. Alifikiria nyumba yake, na udongo ulio nyuma ya nyumba. Kisha akatazama yale majani mekundu kwenye miguu ya aliyemfundisha kusoma. Akafanya ishara ya msalaba, akaanzia bega la kushoto, akauingiza waya.

Gaudiosus akasukuma plagi kwenye bodi. Desderius akavuta kamba ya jenereta. Feni ya pawa ikanguruma, kioo kikatoka weusi kikawa cha kijivu, na herufi zikaanza kupanda.

Miguu ikasimama.

Kimya kilichokuja kilikuwa kikubwa kiasi kwamba wengine waliinama kuhakikisha. Kisha kila mtu akaketi pale alipokuwa, juu ya mawe, juu ya magunia, chini kwenye vumbi. Gaudiosus aliegemea meza akawa anaitazama kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Placidia alishuka polepole kwenye kizingiti, akanyoosha miguu yake miwili mlangoni, akagusa goti moja kisha la pili. Kwenye benchi mzee Kahigi alikuwa amelala, kinywa wazi, anakoroma.

Desderius aliketi kwenye kiti chake. Alibonyeza, akatafuta, kisha kwa mara ya kwanza akakigeuza kioo kimwelekee Mukandekezi. Naye akasoma kama alivyofundishwa, kwa kidole, kutoka juu kwenda chini. Alikuwepo Mukandala. Baada ya Mukandala alikuja Mukasa. Alirudi juu kumtafuta Mbonimpa, hakumwona.

"Niandike," alisema.

Desderius aliitazama kibodi. "Orodha imefungwa, mama. Tangu mwaka jana. Mwenye neno la kuifungulia ni mkubwa, si mimi."

"Uliniambia tayari."

"Niliambiwa majina ya namna hiyo yasubiri."

"Ya namna gani?"

"Ya namna hiyo." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekuarifu kwamba ofisi hufungwa saa tisa na nusu.

Mukandekezi alikwenda kwenye benchi. "Baba Katekista," aliita. Aliita tena, akamgusa bega. Kahigi aligeuza kichwa, akavuta pumzi ndefu, akaendelea kukoroma.

"Muache, bojo," alisema Placidia kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini. "Wiki nne hajalala."

Madirishani walikuwepo watu kama thelathini ambao walijua alizaliwa wapi, kwa kuwa walizaliwa huko pamoja naye, au walikula kwenye ubatizo wake, au mama zao walimwambia. Walikuwa wanatazama miguu yao, kama mtu anavyotazama kitu kilichopotea kikarudi.

Alirudi mezani kuchukua sindano yake. Kando ya kibodi lilikuwepo daftari la shule, limefunguliwa, lile la mwenyekiti. Maandishi yalipanda na kushuka, kalamu nyekundu. Twagirayezu alikuwepo. Nyirabageni alikuwepo na wajukuu wake wanne. Jina la Mukandekezi lilikuwa la tatu kutoka juu, na halikukosewa hata herufi moja.

Aliutazama waya wa kijani. Kuuchomoa kungechukua muda wa kusema amina. Gaudiosus alimwona anavyoutazama, akasogea pembeni ya meza, akageuka upande wa ukuta. Desderius alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa daftari na alikuwa anapitia, midomo inacheza. Kwenye benchi Kahigi alikoroma. Majani yaliyozunguka nyayo zake yalikuwa yameanza kukauka.

Mukandekezi alirudisha sindano kwenye pindo la kitenge. Akachukua ufagio, akakusanya vipande vya nyaya na mfuko wa rangi ya fedha, akafuta lile tone la damu, kisha akausimamisha ufagio nyuma ya mlango ambapo hukaa. Akatoka. Placidia aliikunja miguu yake, iliyotulia sasa, ili apite.